Vigae vya Watu wa Lango

Kaka yangu,

Nakusalimu, maana hata waliokosana husalimiana. Natumaini goti limepoa, na kwamba zile dawa za sukari unazimeza kila siku kama ulivyoagizwa, wala husubiri kizunguzungu kikukumbushe. Mimi ni mzima. Mgongo unanisumbua kwa kuinama shimoni, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na riziki yangu yote iko mvunguni. Huku mvua bado. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nyumba yangu ni ileile uliyoicheka siku ile ulipopita, vyumba viwili, kimoja changu na kimoja cha vigae vyangu vya vyungu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga hadi nikaona haya. Nikapiga kwa namba ya ofisini, ukapokea, uliposikia sauti yangu ukasema mtandao mbaya, ukakata. Mtandao haukuwa mbaya, Kaka. Nilikusikia ukipumua. Basi nimeona niandike. Barua mtu hawezi kuikata katikati ya sentensi, na hata ukitaka kuichana, nakujua, utataka kwanza kuona nimethubutu kusema nini.

Nataka nikueleze tulichokikuta ngomeni, kwa utulivu, pasipo watu wa kucheka. Siku ya mkutano hukunipa nafasi. Halafu nina habari ya nyumbani kwako, ambayo ni afadhali uisikie kwangu kuliko sokoni.

Wewe na mimi tulilishwa hadithi ile tangu hatujaota meno. Babu wa Ngome alijenga juu ya kilima, akazungushia ukuta wa mawe ambao mpaka leo mbuzi hawauruki. Adui wakaja, wakaizingira ngome kiangazi kizima wasipate pa kupenya. Kisha alfajiri moja watu wa nyumba za chini, zilizokuwa ndani ya ukuta huohuo karibu na lango, wakaondoa magogo langoni, adui wakamiminika kama siafu. Babu akafa amesimama. Mkewe akatoroka na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye chimbuko letu. Waliofungua lango hawakuguswa, na huo ndio ushahidi pekee uliowahi kutolewa dhidi yao, kwamba walibaki hai.

Tangu siku hiyo wanaitwa Watu wa Lango. Shuleni tuliwazomea. Wakipita tuliambiana tufunge milango. Baba alikuwa na mzaha wake, kwamba mtu wa Lango hata mlango wa choo haufungi, ni mazoea. Ukoo mzima ulivunjika mbavu, na mimi nilicheka pamoja nanyi, mpaka nilipofikia umri wa kupenda.

Unamkumbuka Mpima. Usiseme humkumbuki. Yule kijana mrefu wa Lango aliyepima barabara ya hospitali, aliyekuwa akiingia chumbani anatazama juu kwanza, kisha anakwambia dari lako limeinama upande wa dirisha. Alikuja kuniposa na mjomba wake, amevaa suti ya kuazima iliyomkomea juu ya vifundo. Baba hakutoka chumbani. Alikutuma wewe. Hukuwakaribisha hata kukaa. Uliwaambia palepale barazani, wamesimama, kwamba nyumba hii ina lango na lango lina wenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mjomba wake alikuwa ameshavua kofia kwa heshima, nikamwona akiivaa tena, akiinyoosha ukingo taratibu, kama vile hana pengine pa kuweka mikono.

Mpima alihamia mbali kikazi, akaoa huko, na huko figo zikamuua. Habari nilizipata kwa mpita njia. Mimi sikuolewa. Watu husema nimeolewa na kazi. Ni maneno ya kujifariji wao, kwa sababu mwanamke asiye na mume huwatia wasiwasi kama mlango usio na komeo.

Sasa turudi kilimani. Ninyi wenyewe, kamati ya ukoo, wewe ukiwa mwenyekiti, ndio mlioiomba Makumbusho ije ichimbe, ili ngome itambuliwe kuwa urithi na nguzo ya mawe isimamishwe langoni. Maneno ya nguzo mlikuwa mmeshayaandika kabla sisi hatujatia jembe: kwamba hapa ndipo shujaa alipouzwa na watu aliowalinda. Nilipopangiwa kazi hiyo nilimwendea mkuu wetu wa uchimbaji, Mzee Miwani, nikamwambia mimi ni wa ukoo ule na nina kinyongo, anipeleke kwingine. Akafuta miwani yake kwa ncha ya shati, akasema kwamba mchimbaji asiye na kinyongo yeye hajamwona bado, la muhimu ni kukiweka mezani pamoja na vigae, kila mtu akione.

Vigae havina heshima, Kaka, na ndiyo maana navipenda. Dhahabu huibwa. Mkuki hurithiwa. Mifupa huzikwa kwa maombi. Lakini chungu kikivunjika, mtu husonya, hutupa nyuma ya nyumba, hurudi kutafuta kingine. Hakuna aliyewahi kuvunja chungu ili awadanganye wajukuu zake. Kwa hiyo mimi nikitaka kujua watu waliishije, siendi kwenye nguzo, naenda jalalani.

Na majalala ya nyumba za chini yalikuwa yamejaa maisha. Vyungu vya kupikia vyembamba, vyeusi kwa masizi hadi mabegani. Kila nyumba ina mkono wake: hapa mwenye nyumba alichora ukingo kwa kucha, jirani yake kwa ncha ya kijiti, na yule wa pembeni hakuchora kitu, nadhani alikuwa na haraka kama mimi. Tulikuta vyungu vidogo vya kuchezea, vimefinyangwa na mtoto, na alama za vidole vyake ziko ndani bado. Nilijaribu kuingiza kidole changu kidogo kwenye alama hiyo, hakikuenea. Nilikaa chini pale shimoni nikashindwa kuendelea mpaka Mzee Miwani aliponiita chai.

Kulikuwa na njia pia. Sikiliza hapa vizuri, kwa sababu mkutanoni ndipo uliponikatiza. Ndani ya ngome, upande wa juu, kuna chemchemi, ileile tuliyokuwa tukinywa tukienda kuchunga. Kutoka nyumba za chini mpaka kwenye chemchemi ile kuna mkondo wa vigae ardhini, vipande vya mitungi ya maji, vingi palipo na utelezi, vichache palipo tambarare. Ni wanawake walioteleza wakirudi na mitungi vichwani, miaka nenda miaka rudi, mama na binti na mjukuu. Unaweza hata kuliona jiwe baya lilipo. Pembeni yake vigae vimelundikana, na nina hakika jiwe lile lilitukanwa kuliko adui yeyote.

Halafu njia ile inakufa. Katikati yake unapita ukuta wa ndani, ule tuliofundishwa kwamba Babu aliujenga kwa busara ya vita. Umejengwa juu ya vigae vile, Kaka. Viko chini ya msingi wake. Na katika tabaka la baadaye, lile lililo juu ya msingi, hakuna tena mtungi uliovunjika njiani, kwa sababu hapakuwa na njia. Chemchemi ilibaki upande wa Babu. Watu wa chini walibaki na ukuta.

Unajua walifanya nini? Walirekebisha vyungu. Tunaona vigae vilivyotobolewa matundu pande mbili za ufa, vikafungwa kwa kamba. Chungu kilichofungwa hivyo kinaweza kutunza nafaka. Maji hakiwezi. Na nyuma kabisa ya nyumba za mwisho, chini ya mwamba, pale ambapo jiwe hutoka jasho alfajiri, tulikuta bakuli zimepangwa, moja baada ya nyingine, zimekingwa vizuri, kila moja imeegemezwa kwa vijiwe isipinduke. Zilikuwa mahali pake bado. Juu yake kuna majivu ya siku ngome ilipoungua. Walikuwa wakikinga jasho la jiwe mpaka siku ya mwisho.

Kwa Babu mitungi ilikuwepo. Mikubwa, imezikwa nusu sakafuni, mtu mzima hawezi kuikumbatia. Baadhi nilipoipindua nikaona ndani imeota vidonda, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui, kuanzia kitakoni hadi mstari fulani, juu ya mstari ni laini. Najua vidonda hivyo. Pombe ikichachuka humo siku nyingi hula udongo. Nikajiambia, ngoja, usiwe na pupa, labda ilikuwa zamani, wakati wa amani na mavuno. Nikajiambia hivyo kwa sababu Babu ni wangu pia. Kisha tukautoa mmoja ulioangukiwa na paa lililoungua, na kitakoni mwake machicha ya pombe yalikuwa yamekauka na kuwa mkaa. Nilimpelekea Mzee Miwani kile kipande bila kumwambia kimetoka nyumba gani. Alikinusa, akakitazama kwa kioo chake, akasema huyu aliyekuwa akichachusha hakupata nafasi ya kuinywa. Ndipo nilipomwambia. Aliweka kile kipande mezani akasema tu, pole.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kwenye mkutano wenu wa ukoo, katika darasa lile la shule, nikiwa na masinia yangu. Sikuja kumtukana mtu. Nilivipitisha vigae mkono kwa mkono, nikawaacha wazee wavishike. Shangazi Mkubwa alishika shingo ya mtungi wa njiani, akaizungusha, akasema mwenye mtungi huu siku hiyo alipigwa. Watu wakacheka, kicheko kizuri, nikaona mambo yanakwenda. Nikaeleza njia. Nikaeleza ukuta. Nilipofika kwenye bakuli za mwamba darasa likanyamaza hata tukasikia vijiko vya wifi kule mlangoni alipokuwa akitengeneza chai na bintiyo. Nikaeleza mtungi wa pombe.

Karani wa ukoo akauliza, tena kwa adabu, kama vigae vinasema ni nani aliyefungua lango. Nikamjibu ukweli, kwamba vigae havisemi jina la mtu. Vinachosema ni kwamba upande mmoja wa ukuta ulikuwa na maji na upande wa pili haukuwa nayo, na kwamba lango lilikuwa upande wa wenye kiu. Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe, kama ningekuwa na yule mtoto wa vyungu vya kuchezea, nisingesubiri alfajiri.

Hapo ndipo ulipoinuka. Ulikichukua kile kigae mkononi mwa Shangazi Mkubwa, ukakitupia kwenye sinia kama mtu anayetupa ganda la karanga. Ukasema, ndugu zangu, huyu hazungumzii vigae. Huyu bado analilia suti fupi.

Walicheka wote, Kaka. Wazee waliokuwa wamenyamaza kwa ajili ya bakuli za mwamba walicheka mpaka wakapangusa machozi. Mimi nilibaki nimesimama na chaki mkononi. Kilichoniuma si kicheko. Nimezoea kuchekwa, mwanamke wa umri wangu anayekwangua udongo kwa mswaki hana budi kuzoea. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote hii nilidhani wewe ulikuwa tarishi tu wa Baba, kwamba uliyasema yale barazani huku umefumba macho. Kumbe uliitazama ile suti. Uliitazama vizuri, ukaiweka akibani, ukaitoa siku uliyoihitaji.

Nilikusanya masinia nikaondoka. Nasikia mlipiga kura maneno ya nguzo yabaki yalivyo. Hilo ni lenu. Ripoti Mzee Miwani ameshaitia saini na imeshakwenda, pamoja na picha za njia na ukuta na zile bakuli. Mkitaka nguzo, simamisheni wenyewe. Makumbusho haitatia jina lake. Hata mimi sitakuja kuibomoa. Nimechoka, na mawe yamekwisha kubeba uongo mwingi kuliko huo.

Sasa habari ya nyumbani kwako.

Siku moja baada ya mkutano, nikiwa naosha vigae uani, bintiyo alikuja. Unavyomjua Chiriku wetu, huyo husikika kabla hajaonekana. Siku hiyo aliingia kimya, akavuta kigoda, akachukua mswaki wa pili akaanza kuosha nami. Tukamaliza ndoo nzima. Kisha akaniambia kwamba yule fundi umeme uliyemkataza, kijana wa Lango, hajaachana naye, na hana nia ya kuachana naye. Akanieleza jinsi ulivyomwita sebuleni ukamwambia damu ile haitaingia nyumbani mwako, na jinsi alivyokutazama akashangaa, maana maneno yalikuwa ya Baba, hata kikohozi cha katikati kilikuwa cha Baba.

Mimi nikaruka upesi. Nikamwambia asihofu, sasa tuna ushahidi. Nikaanza kumwonyesha. Nikatoa kipande cha mtungi wa pombe, nikatoa picha ya ukuta, nikaongea kama mtu aliyefungiwa muda mrefu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu akasema, "Shangazi, hata kama walikuwa na maji tele, wakalifungua lango kwa kupenda tu, mimi huyu nampenda. Yeye hajafungua lango lolote. Yeye anafunga nyaya."

Nilitazama mikono yangu. Nimechimba nusu ya maisha, Kaka, na nadhani nusu ya uchimbaji huo nilikuwa nikitafuta cheti cha kumsafisha mtu ambaye hakuwa mchafu. Mtoto wako aliliona hilo kwa kigoda kimoja na ndoo moja ya maji. Nilimwonea wivu. Nakuandikia hili kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia: nilimwonea wivu mtoto niliyemsuka nywele, mpaka nikainuka nikajifanya nakwenda kuchemsha chai.

Yule kijana nimemwona. Si ndugu wa karibu wa Mpima, nilimuuliza. Ni mfupi, mnene kidogo, ana kucha zilizokatika na anacheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Alikuja akakuta swichi ya jikoni kwangu imekufa, ile niliyokuwa nikiigonga kwa mwiko ili taa iwake, akaikarabati bila kuombwa. Nilimtahini kidogo. Nikamuuliza haoni uchungu, jinsi tulivyowaita miaka yote. Akasema kwao bibi yake alikuwa akiwakataza kulizungumza. Akiona watoto wamezomewa aliwaambia tu wanywe maji. Kila mara vilevile: umezomewa, njoo unywe maji. Wao walidhani ni mazoea ya uzee.

Basi habari yenyewe ni hii. Bintiyo ameolewa. Ameolewa Ijumaa iliyopita, asubuhi, katika ofisi ya msajili wa ndoa, ile yenye mabenchi ya bluu na feni inayolia. Sikumshawishi, na sikumzuia. Aliniomba nisimame shahidi upande wake, nikasimama. Msajili alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, niligeuka nikatazama mlango. Nilikuwa nakuogopa wewe, usije ukaingia. Nilikuwa pia, sijui nikuelezeje, natamani uingie. Ungeingia hata kwa kupiga kelele, mtoto angekuwa na baba chumbani. Hakuingia mtu. Msajili akakohoa, akaendelea.

Hakukuwa na sherehe. Tulikunywa soda kwenye kibanda cha jirani. Kijana alikuwa amevaa suti yake mwenyewe, imemkaa, nilihakikisha. Chiriku alizungumza mfululizo tangu tulipotoka mpaka chupa zilipokwisha, kisha akanyamaza ghafla, akaniuliza kama utamwita tena mwanao. Nikamwambia sijui. Ningeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, siku ya harusi uongo mdogo husameheka, lakini familia yetu imekula uongo wa kutosha.

Sikuandikii ili unisamehe, na mimi pia sijakusamehe. Ile suti bado iko katikati yetu. Huenda itakaa hapo mpaka mmoja wetu azikwe, na mwingine atalia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Usidhani nimeshinda. Mpima yuko ardhini mahali nisipopajua. Nguzo yenu itasimama, watoto wa shule watapelekwa kuisoma. Ripoti yangu itasomwa na watu wachache wenye miwani. Nilichokipata ni Ijumaa moja, asubuhi, na hiyo haikuwa yangu.

Lakini bintiyo yuko hai, yuko karibu, na namba yake ya simu ni ileile. Hajaomba kitu. Nyumba waliyopanga iko nyuma ya karakana ya magari, mlango wa kijani. Ukibisha atakuja kufungua. Baba angesema ni damu ya mumewe imeanza kumwingia, na wewe ungecheka. Safari hii, nakuomba, usicheke.

Wasalimie majirani, na Shangazi Mkubwa umwambie ile shingo ya mtungi nimemwekea, aje aione makumbushoni. Meza dawa zako. Goti usilibebeshe ngazi.

Nimebakiza salamu za mtu mmoja. Uliambiwa kwamba Ijumaa wifi alikwenda kliniki ya macho. Hakwenda. Alikuwa pale ofisini, ndiye shahidi wa pili, na sahihi yake iko chini ya yangu. Nilitaka kumficha, nikamwambia nitaandika barua bila kumtaja. Akakataa. Alisema ameishi nyumbani mwako miaka yote hii akipita pembeni ya ukuta, na sasa amechoka, nikuandikie wazi kwamba alikuwepo, kwamba alilia, na kwamba ndiye aliyelipia teksi. Barua hii nimempa yeye mkononi, ndiye aliyekuletea. Kwa hiyo sasa hivi unapomaliza kusoma, yuko hapo nyumbani, anasubiri aone utainua uso wa namna gani.

Ni mimi, mdogo wako,
wa vigae